Dada Mkubwa na Paka Wanaohema

Ijumaa hii Dada Mkubwa wa mapokezi anastaafu, baada ya kuitumikia kliniki yetu ya wanyama kwa miaka thelathini na mmoja. Sote tunamwita Dada Mkubwa, hata waliomzidi umri, naye huitika bila kinyongo. Wasifu huu umeandikwa na daktari mkuu, ambaye ana jambo la kukiri kabla keki haijakatwa.

Aliajiriwa kusafisha vizimba. Mwaka wa tatu mhudumu wa mapokezi alihama, naye akaombwa ashike nafasi hiyo kwa wiki moja, wakati anatafutwa mtu. Mtu huyo anatafutwa hadi leo. Tangu hapo amemaliza viti vitano na kugombana na kompyuta tatu. Mafaili aliyapanga kwa tabia: wanyama wapole, wang'ataji, na wale wenye wamiliki wasumbufu. Mkaguzi alishika kichwa, lakini faili lolote ukilitaka, dakika haiishi unalo mkononi.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ni paka. Mbwa kuhema ulimi nje ni jambo la kawaida; paka akihema mdomo wazi, Dada Mkubwa huacha hata chai yake. Kikapu hukiweka pembeni, mbali na mbwa, akakifunika taulo, akatazama saa ya ukutani. Paka aliyetoka kucheza, aliyepigwa na joto kidogo au aliyeogopa gari hutulia baada ya dakika chache, na mwenye paka huambiwa apunguze presha, achukue namba, asubiri zamu. Lakini anayeendelea kuhema ilhali amepumzika, tumbo likipiga kwa nguvu, shingo ameinyoosha, au fizi zimepauka au kugeuka buluu, huyo hapewi namba. Anaingia moja kwa moja.

Wateja aliwafundisha kuhesabu nyumbani, paka akiwa usingizini: kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Zikizidi thelathini kwa dakika, na ukirudia kuhesabu bado zinazidi, piga simu. Akihema mdomo wazi bila kutulia, mlete upesi. Somo hilo alilifanyia mazoezi kwa mumewe, na shemeji yetu anasimulia alivyoamka usingizi wa mchana akamkuta mkewe ameinama juu yake, saa mkononi, midomo ikihesabu. Alidhani ameshakufa.

Sasa jambo lenyewe. Miaka kumi na tisa iliyopita, Jumatatu yenye foleni hadi mlangoni, alikuja fundi cherehani mmoja mzee na paka wa kijivu. Alikuwa amemzika mkewe miezi michache kabla, na paka huyo wa marehemu ndiye pekee aliyebaki naye nyumbani. Paka alikuwa anahema. Daktari mmoja mgeni, wiki ya tatu kazini, alichungulia akasema ni joto la safari, apewe namba. Alipewa ya kumi na nne.

Dada Mkubwa alifunika kikapu, akangoja dakika tano, akahesabu. Alimfuata daktari kumweleza. Daktari akamjibu mbele ya wateja kwamba kazi ya mapokezi ni kupokea. Basi Dada Mkubwa alibeba kikapu, akawapita watu kumi na watatu na mbwa wao, akakiweka juu ya meza ya matibabu na kusimama mlangoni mikono kiunoni. Fizi za paka zilikuwa buluu. Alipewa oksijeni papo hapo, kisha akatolewa maji yaliyojaa kifuani. Angesubiri zamu yake, fundi angerudi na kikapu kitupu. Badala yake paka aliishi miaka minne zaidi, akilala juu ya vitambaa vya wateja.

Daktari huyo ni mimi. Kwenye faili niliandika kwamba daktari aligundua tatizo mapema. Fundi alinisifu kila mahali, uongozi ukanipa barua ya pongezi, na mwaka uliofuata nikapandishwa cheo. Faili hilo alilihifadhi yeye mwenyewe. Alilisoma, akalirudisha kabatini. Nimeona aibu miaka yote hii, na bado nilinyamaza.

Wiki iliyopita nilimpelekea rasimu hii. Aliisoma polepole, akavua miwani. Akaniambia barua haikumnyima usingizi; alichokuwa anakiangalia ni kama nitarudia tena kumpa namba paka anayehema. "Hukurudia," akasema. "Ndiyo maana nilikuacha."

Dada Mkubwa, faili limesahihishwa na barua imeandikwa upya kwa jina lako. Utakabidhiwa leo mbele ya wote. Tunakushukuru kwa kila pumzi uliyoihesabu, na tunakuombea afya, furaha na asubuhi zisizo na simu. Nami, mbele ya hao hao wote, naomba unisamehe.