Msiba wa Takemori

"Tangazo Kuhusu Umbali wa Mita Moja na Nusu Baina ya Watumiaji wa Benchi Moja." Ndivyo ilivyosema karatasi iliyobandikwa kwenye benchi la mtaa wa Lidcombe, huko ughaibuni, benchi ambalo lenyewe halifiki mita mbili. Kwa hiyo, baridi ile ya mwaka 2020, Lazare alikaa peke yake. Gitonga, waliyemwita Waziri kwa sababu hakuna serikali asiyoijua makosa, aliegemea nguzo. Mushagalusa, yaani Profesa, alikalia kreti la maziwa. Kila mtu na kahawa yake, ila ya Lazare haikushuka. Juma lililopita aliona video ya Takemori, beki mstaafu wa Japani: kichwa kimenyolewa, kaketi mkekani, anakunywa chai kimya. Kwao Burundi, na kambini Tanzania alikokulia, picha hiyo haihitaji maelezo. Akaandika: "Pole sana kwa msiba, ndugu." Waswahili wa dunia nzima wakafuata. Mstaafu wa wafuasi elfu tatu sasa alikuwa na laki nne, na kanisa lao la Liverpool, mtaa wa jirani, lilimteua Lazare aongoze sala ya marehemu kwenye Zoom, saa kumi na moja jioni hiyohiyo.

— Jina la marehemu ndilo sina, alisema. Nitamwombeaje mtu bila jina?

— Mzee, huyo ni mamake, alisema Waziri. Cheki chai. Haina maziwa hata tone!

— Mama hapana, Papa Lazare, alisema Profesa. Ingekuwa mama, ndugu wangejaa. Huyu yuko peke yake. Vraiment, kweli kabisa, ukoo mzima umekwisha. Wahenga walisema akili ni nywele. Mtu akinyoa zote, ujue huzuni imemaliza akili.

— Hiyo methali haiingii hapo, Profesa.

— Methali ni kama panadol, Waziri. Inaingia popote.

— Basi sikizeni. Olimpiki ya Japani si wameahirisha? Ati korona. Korona wapi! Nchi yote iko matangani, serikali inaficha.

Lazare alikuwa ameandika "mama" kwenye kikombe cha karatasi, akakata, akaandika "ukoo". Sasa alishusha kalamu.

— Zoom yetu ni ya bure, Waziri. Siwezi kuombea nchi nzima kwa dakika arobaini.

Hapo akapita Chebet, nesi, ametoka shift, barakoa imemchora mashavu.

— Pole na kazi, dada, alisema Lazare. Hebu tusaidie. Unadhani hapa amefariki nani?

Chebet aliitazama video mara mbili.

— Kwani mwenyewe amesema amefiwa?

Waziri alichunguza nguzo kana kwamba ameinunua. Profesa alisema kahawa ya siku hizi inapoa upesi. Lazare alishuka na kidole katika pole elfu arobaini, akitafuta neno moja la Takemori mwenyewe. Hakuliona. Akamwandikia swali hilohilo, simu ikalitafsiri kwa Kijapani. Jibu lilikuja kabla Chebet hajafika kwenye taa za barabarani.

Saa kumi na moja, mbele ya waumini hamsini na saba, Lazare alisema kwamba hakuna aliyefariki. Saluni ya mtaani kwa Takemori ilifungwa kwa korona, akajinyoa mwenyewe, mashine ikateleza, akamalizia kichwa chote.