Mwalimu Werema na Kwaresima Iliyoanza Mapema

Leo, Jumatatu ya Pasaka, Aprili 4, 1983, Katekista Stanslaus Werema anastaafu baada ya kukitumikia Kigango cha Mtakatifu Yosefu, Nyamisingo, kwa miaka ishirini na tisa. Alianza kazi mwaka 1954, akiwa kijana mwenye sauti kubwa na baiskeli isiyo na breki. Sauti bado anayo. Breki alifunga mwaka juzi.

Hapa kijijini jina la Stanslaus hulisikii. Wote tunamwita Mwalimu, na jina hilo amelifanyia kazi. Amewafundisha dini babu, wana na wajukuu wa nyumba zile zile. Jioni, katika kisomo cha watu wazima, amewafundisha herufi wazee ambao leo ndio wanaosoma masomo ya Misa. Tulipohamia kijiji kipya mwaka 1974, kanisa nalo lilihama: Mwalimu alipanga watu mstari, kila nyumba ikabeba bati lake kichwani, na Jumapili iliyofuata tulisali ndani ya kuta ambazo zilikuwa bado mbichi. Waliovaa nguo nyeupe walirudi nyumbani na migongo ya udongo.

Lakini kazi inayomfanya akumbukwe kuliko zote ni Pasaka. Krismasi haimsumbui mtu, kwa kuwa tarehe yake haihami. Pasaka huhama kila mwaka. Huwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia Machi 21 au baada ya hapo, kwa hiyo inaweza kuja Machi au kungoja hadi Aprili inakaribia kwisha. Kutoka hapo mtu anarudi nyuma kuipata Jumatano ya Majivu. Tarehe hiyo hutafutwa na watu wengi kijijini. Wanaojiandaa kubatizwa wanataka kujua lini watamaliza mafundisho. Mwenyekiti wa kijiji anataka kujua ni wiki gani asipange kazi ya shamba la kijiji. Duka la ushirika linataka kuagiza sukari mapema. Na wachumba wanangoja Kwaresima ipite, kwa sababu katika parokia yetu ndoa hazifungwi wakati wa mfungo.

Kwa kawaida tarehe tunaisoma kwenye kalenda ya kanisa. Mwaka 1981 karatasi zilikuwa adimu, na kalenda haikutufikia. Mwalimu hakutaka watu wakae gizani, akaamua kuitafuta Pasaka mwenyewe. Alimwendea rafiki yake Mzee Abdurahmani, fundi cherehani wa Mugumu, ambaye kila mwaka huutazama mwezi kwa ajili ya Ramadhani. Mzee Abdurahmani alimpa njia anayoitumia yeye: hesabu miezi kumi na miwili kutoka mfungo uliopita, utaukuta mfungo mwingine. Mwalimu akaanza na mwezi mpevu wa Pasaka ya 1980, akahesabu kumi na miwili, akafika Machi 20. Basi Pasaka, akatangaza, ni Jumapili ya Machi 22.

Alikosa kwa usiku mmoja. Mwezi uliokuwa mpevu Machi 20 haukuhesabika, ikabidi kungojewa mwezi wa kumi na tatu. Ramadhani huzunguka misimu yote ya mwaka, lakini Pasaka haiondoki kwenye msimu wake, na ndiyo maana miaka mingine huongezewa mwezi. Hilo wawili hao hawakulikumbuka.

Kwa hiyo Nyamisingo tulipakwa majivu mwanzoni mwa Februari, mwezi mzima kabla ya dunia yote iliyobaki. Wiki moja na nusu baadaye Padre alifika kwa pikipiki kuadhimisha Misa, akakuta altare imefunikwa kitambaa cha zambarau. Alifikiri tuna msiba. Baada ya Misa akaletewa maharage, akachungulia sufuria na kuuliza, "Na yule jogoo niliyemsikia asubuhi?" Akajibiwa kwa unyenyekevu kwamba jogoo anangoja Pasaka. Hapo ndipo mambo yalipojulikana.

Watu walicheka, isipokuwa Mzee Mogesi, aliyekuwa ameacha pombe tangu siku ya majivu. "Mwalimu," alisema, "pombe ya siku zile kumi nitamdai nani? Wewe au mwezi?"

Lakini Mzee Mogesi alikuwa na jambo zito zaidi. Binti yake Philomena alikuwa ameposwa na Marwa, askari aliyekuwa kambini mbali, na ng'ombe walikwisha kuingia bomani. Kwa kufuata tarehe ya Mwalimu, Marwa alikuwa amepewa likizo ya kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Aprili, na arusi ilipangwa Jumatatu ya Machi 23. Sasa Pasaka ilikuwa Aprili 19. Likizo ingekwisha Kwaresima ikiendelea, na haikujulikana nyingine ingepatikana lini. Arusi ilikuwa imekwisha kuahirishwa mara moja. Mzee Mogesi alitamka mbele ya watu kwamba Marwa akirudi kambini bila kufunga ndoa, ng'ombe watarudi kwao, na Philomena ataolewa kwingine. Philomena alimfuata Mwalimu hadi kwenye ngazi za kanisa akamwambia, "Mwalimu, shikamoo. Mimi simtaki mwingine." Kisha akaondoka.

Mwalimu alipanda baiskeli kwenda parokiani. Padre akasema kanuni ni kanuni. Akarudi, akaenda tena wiki iliyofuata, mvua ikamnyeshea, akaambiwa vilevile. Mara ya tatu alimkuta Padre mezani na orodha ya sikukuu, na Padre akamwonyesha siku moja ndani ya Kwaresima ambayo wimbo wa Utukufu, usioimbwa siku nyingine za mfungo, huimbwa na watu hufurahi: Machi 19, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, mume wa Maria na msimamizi wa kigango chetu. "Siku hiyo nitakuja," Padre akasema. "Ila iwe siku hiyo hiyo."

Machi 19 ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni siku ya shamba la kijiji. Mzee Mogesi alikataa katakata. "Nani anaoza binti huku ameshika jembe? Mura, kijana wewe, umenihesabia mwezi vibaya, sasa unataka kunihesabia na wiki?" Mwalimu hakubishana. Alisema atalima sehemu ya Mzee Mogesi pamoja na yake, ili baba wa bibi arusi akae nyumbani kupokea wageni kama mtu mwenye heshima zake. Mzee Mogesi alifikiri kidogo, kisha akauliza kama sehemu ya mke wake nayo itahusika. Mwalimu akakubali na hiyo.

Huko Mugumu, Mzee Abdurahmani aliposikia kwamba arusi imesogezwa karibu kwa siku nne, aliweka pembeni kazi nyingine zote na kushona gauni la Philomena. Mwenyewe alilileta. "Hesabu ilikuwa yangu nusu," alimwambia Mwalimu, "kwa hiyo nusu ya aibu nimekuja kuichukua."

Alhamisi ile kijiji kizima kililima hadi adhuhuri, kisha kikaenda kanisani moja kwa moja. Majembe yalisimamishwa ukutani nje, mstari mrefu kuliko wa magari ya bwana arusi yeyote. Marwa na Philomena walifunga ndoa watu wakiwa na matope miguuni, na Utukufu uliimbwa hadi bati zikatetemeka. Mwalimu, aliyekuwa amelima sehemu tatu, viganja vilikuwa vimemchubuka hata hakuweza kupiga makofi. Alipiga miguu. Mzee Mogesi, aliyelala usingizi mzuri asubuhi yote, ndiye aliyecheza kuliko wote.

Tangu mwaka ule Mwalimu ametuwekea desturi. Sikukuu ya Epifania, Januari, tarehe ya Pasaka husomwa kanisani kwa sauti baada ya kuthibitishwa parokiani. Kila balozi wa nyumba kumi huirudia nyumbani kwake, na mtu hutumwa kumpelekea mwenyekiti wa kijiji. Haijakosewa tena.

Marwa amekwisha kutoka jeshini. Yeye na Philomena wana mtoto mmoja na wanangoja wa pili, na chakula cha leo wameomba wakipike wao, peke yao, kwa ajili ya Mwalimu.

Mwalimu Werema, asante kwa herufi, kwa bati, kwa nyimbo, na kwa kutufundisha kwamba mtu akikosea hulirekebisha kosa lake kwa mikono yake. Unaporudi kwenu Nyarero, Mungu akupe afya, mvua ya kutosha na majirani wazuri. Mwaka kesho usitazame mwezi. Tarehe tutakuletea sisi, na kazi yako itakuwa kuja kula.