Huku Juu Mtu Anaweza Kuinama

Mheshimiwa Shefu wa kartiye yetu, mtaa huu wa Keshero, Baba Padri, wakubwa wa avenyu zote mliofika, ndugu wageni waalikwa mliotoka Munigi na hata Kanyaruchinya, vijana mliopasua mawe ya njia hii kwa mikono yenu, wanachama wenzangu wa Magoti Hayajalala, kikundi chetu cha wazee wa velo, hizi baiskeli zetu, na wewe, Mama Masika, ambaye nimekutaja mwisho kwa makusudi, kwa sababu mwisho wa msafara ndipo palipokuwa mahali pa mume wako: nawasalimu nyote, na ninyi mliosimama juani kwa kukosa viti nawasalimu mara mbili.

Kwa asiyenifahamu, mimi ni Annonciata, mukunga mstaafu, mzaliwa wa milima ya Masisi. Nusu ya vijana waliopasua mawe haya niliwapokea mimi mwenyewe, wakiwa uchi na wakilia, kwa hiyo leo asinijie mtu hapa na miwani ya jua akijitia ukubwa.

Nimeombwa niseme maneno machache ya kufungua njia hii ya juu. Machache siyajui. Nitasema yanayotakiwa.

Tulipoanza kikundi chetu, watu walitucheka. Watoto walitukimbilia barabarani wakipiga kelele, "Bibi na velo! Bibi na velo!" Lakini mimi daktari alikuwa ameniambia kwamba tansion yangu, presha ya damu, imepanda kama mlima Nyiragongo, na kwamba nisipotembea nitazikwa kabla ya dada zangu wakubwa. Nikamwambia, "Docteur, magoti yamekataa kutembea." Akasema, "Basi yaketishe juu ya velo." Nikayaketisha. Na leo nawauliza ninyi vijana, nani kati yenu anayeweza kutufuata mpaka Munigi bila kushika mbavu? Nani? Mnaangalia chini. Ndivyo nilivyofikiri.

Mwalimu wetu wa velo alikuwa Papa Sikuli, mume wa Mama Masika. Alizoea baiskeli tangu ujana wake, alipokuwa akibeba mizigo ya vitunguu na maharage huko Butembo, na uzee haukumfundisha kushuka. Hakutaka kuwa rais wa kikundi, aliniachia mimi maneno. Yeye alitaka mkia. Alipanda nyuma ya wote, na kila kitu tulichoangusha alikiokota: kofia, simu, skrubu ya pedali, hata vijiti vya meno vya Papa Laurent. Alikuwa mtu asiyeweza kuona kitu kimelala chini akapita. Alikifuta kwa pindo la shati, akakiweka mahali pa juu, kwenye jiwe au juu ya ukuta, kimeelekea upande anaokwenda mwenye kitu. Tulimtania sana. Tulimwambia, "Papa Sikuli, siku moya utaokota ugomvi." Naye alijibu, "Kitu chini kinasikia baridi, Mama."

Sasa nije kwenye bonde.

Wenyeji wote mnaijua mazuku, lakini kwa faida ya wageni nitaeleza. Nchi yetu hii inapumua, na pumzi yake si nzuri. Inatoka kwenye nyufa za mawe, haina rangi, haina harufu, na kwa kuwa ni nzito inalala mabondeni asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka na kuifagia. Mtu aliyesimama anapita. Mbuzi hapiti. Mbwa hapiti. Mtoto anayetambaa hapiti. Mtu mzima akiinama, hiyo ndiyo habari.

Bonde lililo hapo chini yetu tunaliita Kimya. Mmeshapita huko alfajiri? Hakuna jogoo, hakuna panzi, hata inzi hakuna. Mnyororo wa velo yako unausikia kama mtu mwingine anakufuata. Lakini sisi wazee tulikuwa na njia gani nyingine? Huku juu palikuwa na mawe ya volkano yenye meno ya kukata matairi, na jua likishapanda, barabara kubwa inajaa pikipiki zinazoendeshwa na watu ambao kwa kweli sikuwapokea mimi. Basi tulipita Kimya mapema, mmoja nyuma ya mwingine, tukiwa wima juu ya velo, kwa sheria tatu: usisimame, usiongee, usiiname. Na tulikuwa na neno la kufunga sheria hizo: kilichoanguka kimeanguka.

Mwaka jana, asubuhi ya kawaida, isiyo na dalili yoyote, kofia ya Papa Sikuli ilianguka katikati ya Kimya. Ile kofia yake ya kahawia. Sisi tulikuwa tumeshafika kwenye jiwe kubwa la upande wa pili, na tulipogeuka tulimwona ameshuka. Ameinama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Kisha akakaa. Kisha akalala taratibu, kwa ubavu, kama mtu anayejaribu kitanda kipya. Tulimwita. Mama Masika alimwita kwa jina ambalo wanaitana wao wawili tu, na sitalisema hapa. Vijana waliomtoa walifungwa kamba kiunoni na wakabana pumzi, Mungu awabariki. Mtu alitoka. Kofia ilibaki.

Ndugu zangu, nilifanya kazi ya kuinama maisha yangu yote. Mukunga anainama ndipo mtu anakuja duniani. Siku ile nilijifunza kwamba kuna mahali ambapo kuinama ni kuondoka.

Tulizika, tukalia, tukamaliza matanga, na baadaye tukapanda tena, kwa sababu magoti hayangoji. Mama Masika akasema atapanda velo ya mume wake, na atapanda nyuma. Nani angemkatalia? Na kofia ile ilikuwa palepale. Mvua ilipita juu yake, vumbi la mlima likapita, haikuhama wala haikuoza. Kila asubuhi tuliipita kama mtu anavyompita jirani ambaye hawasalimiani.

Kisha Papa Laurent akaangusha miwani yake ndani ya Kimya. Kilichoanguka kimeanguka. Akarudi nyumbani akipapasa kuta. Kesho yake, miwani ilikuwa juu ya lile jiwe kubwa, imekunjwa, imefutwa, na vioo vimeelekea upande wa nyumbani kwake. Papa Laurent yuko hapa. Papa, simama kidogo watu wakuone. Miwani ni hiyo usoni mwake.

Baadaye rozari ya Mama Élodie ilikatika huko chini, na tuliikuta juu ya jiwe, punje zote zimerudi kwenye uzi. Mheshimiwa Shefu, wewe uliniambia kwamba labda ni watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanaopita na fimbo ndefu zenye ndoano. Inawezekana. Mimi ni mukunga, naamini kinachotoka kikaonekana. Lakini niliwauliza watu wa chukudu, na mmoja wao akanijibu, "Mama, kule? Asubuhi? Hata mukinilipa, hapana." Na tena nauliza, ni fimbo gani inayofuta vioo vya miwani?

Hatukuogopa sana, niseme ukweli. Mtu unayemfahamu haogopeshi haraka. Hofu yangu mimi ilianza siku nyingine, siku nilipokaa nyuma kumwangalia Mama Masika, nikaona vitu vyake vinaanguka kirahisi mno. Leso. Kitana. Kifungo cha blauzi. Nilimwona kwa macho yangu anafungua vidole.

Tulipofika juu nilimvuta pembeni. "Mama Masika, unafanya nini?"

Akaniangalia bila aibu yoyote. "Niko namupatia kazi. Alikuwaka hapendi kukaa bure."

"Na anakurudishia?"

Hapo akageuka kuangalia Kimya. Akasema, "Ya wengine anaokota, anaweka. Yangu haiko tena chini, lakini haiko pa jiwe. Anaibakisha. Nafikiri anataka niende kuchukua mwenyewe."

"Masika!"

"Siku moya nitasimama kidogo tu, Mama Annonciata. Sitakaa. Nione tu mukono yake."

Baba Padri, nisamehe kwa kuyasema haya hadharani, na wewe Mama Masika nisamehe zaidi. Lakini siri ya namna hii nikiitunza vizuri itakuzika. Mimi sikulala vizuri tena tangu siku hiyo. Ndiyo maana nilimsumbua Shefu mpaka akawa anajificha akiona velo yangu. Ndiyo maana nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaambia vijana, mlete nyundo. Watu walidhani Mama Annonciata anataka njia nzuri kwa ajili ya magoti yake. Magoti yangu yanashukuru, lakini njia hii ilipasuliwa kwa ajili ya mwanamke mmoja, na huyo hapo amekaa, na mpaka jana jioni alikuwa ameniambia atakuja kwenye sherehe, atakula wali wetu, halafu kesho atapita chini kama kawaida, peke yake.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Leo asubuhi, kabla ya viti kupangwa, mimi na Papa Laurent tulikuja kuangalia kama utepe umefungwa sawasawa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, mawe yote yalikuwa yanang'aa. Nikatupa macho chini, kwenye Kimya, kama ilivyo desturi yangu. Kofia haikuwepo. Mwaka mzima haikuhama, na leo mahali pake palikuwa patupu, pana alama tu ya mviringo, kama mahali sufuria ilipotoka.

Ilikuwa juu ya jiwe. Ilikuwa kavu, wapendwa. Jiwe lilikuwa limelowa, na kofia ilikuwa kavu. Na ilikuwa imegeuzwa kama kikapu, na ndani yake mlikuwa na leso iliyokunjwa, na kitana, na kifungo, na kijiko cha chai ambacho sikujua kimepita lini mikononi mwako. Na chini kabisa kulikuwa na kitu kingine, kidogo, ambacho sitakitaja mbele ya watu wote. Wewe unakijua. Baba Padri anakijua pia, kwa sababu Kanisa ndilo lililokibariki. Nimeona tangu ulipoketi umeuficha mkono wa kushoto ndani ya kitenge.

Papa Laurent alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na akasema neno moja tu: "Amemaliza."

Kwetu Masisi mwanamume akimrudishia mke wake vitu vyake vyote, wakubwa wa ukoo wanakaa chini kuuliza kosa ni lipi. Hapa hakuna kosa. Mama Masika, unakumbuka mliahidiana mbele ya altare mpaka lini? Yeye aliikumbuka ahadi ile vizuri kuliko wewe. Alivibakisha vitu vyako kwa sababu hakukuwa na njia nyingine, na angekupa kimoja kimoja ungerudi kila asubuhi ukitaka cha kesho yake. Leo njia ipo. Amevikusanya vyote, ameokota hata kofia yake mwenyewe, ambayo ilimshinda akiwa hai, na ameviweka mahali pa juu. Na mnajua alikuwa akiweka vitu vipi? Vimeelekea upande anaokwenda mwenye vitu. Ncha ya leso ile ilikuwa imeelekea huku, Mama Masika. Juu. Kwenye njia hii.

Hii hapa kofia. Siiweki mezani, wala siiweki chini. Naishika hivi, juu ya kichwa changu, na mkono wangu ni wa kizee, kwa hiyo usinicheleweshe. Simama, mama. Usiiname hata kidogo. Nyoosha mkono uchukue vya kwako.

Haya. Haya, mama. Lia, hakuna anayekuzuia. Watu wapigeni makofi, au kama makofi yanawashinda, nyamazeni tu vizuri.

Mheshimiwa Shefu, itifaki inasema mkasi ni wako. Nakuomba kwa heshima zote umpe Mama Masika. Naona umeshautoa, ubarikiwe, mimi nilikupokea wewe pia na ulikuwa mtoto mzuri.

Jambo la mwisho. Utepe ukikatwa utaanguka, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima naifuta sheria yetu. Kilichoanguka hakijaanguka moja kwa moja. Huku juu upepo unapita, huku juu kuna panzi, wasikilizeni, na mtu anaweza kuinama akasimama tena. Kwa hiyo, Mama Masika, ukishakata, inama mbele yetu sote, uuokote utepe wako, usimame, upande velo, na sisi tutakaa nyuma yako.

Ila inama upesi kidogo. Sote tunamfahamu mtu mmoja ambaye hakuweza kuona kitu kimelala chini akakiacha, na leo nataka uwahi wewe.

Nawashukuru Shefu, Padri, vijana wa nyundo, na wote mliovumilia maneno ya mwanamke mzee. Asanteni kwa masikio yenu. Mama Masika, kata.