Mama Mashine, Aliyeomba Macho Wazi

Marehemu mama yetu, ambaye karibu nyote mlimjua kwa jina la Mama Mashine, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1950, saa nne asubuhi, katika chumba cha pili cha nyumba ya kupanga. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa fundi mwashi na mkewe. Mkunga alimpokea huku wapangaji wawili wakipigana uani kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, na mmoja alimpasua mwenzake paji la uso kwa ndoo ya bati. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto alitoka kimya, akasubiri ugomvi uishe, ndipo akalia. Mimi binti yake wa kwanza, ninayesoma wasifu huu, nadhani bibi alitia chumvi kidogo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964. Alikuwa hodari wa hesabu na mzito wa kuomba radhi. Akiwa darasa la tano, mwalimu alimchapa jirani yake wa dawati hadi mkono ukatoka damu, kosa lake kuandika kwa mkono wa kushoto. Mama alisimama, akaichukua ile fimbo, akaivunja gotini. Alifukuzwa wiki mbili. Babu alimgombeza mbele ya mwalimu mkuu kwa sauti ya kutosha, kisha akacheka peke yake njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mwaka 1967 mjomba wake alimchukua kazini kwenye mashine ya kusaga nafaka, ileile aliyoiendesha kwa miaka hamsini na minne na ambayo baadaye aliirithi. Mashine ilinguruma kiasi kwamba jina la mtu halisikiki hata ukimpigia kelele sikioni. Kwa hiyo Mama aliwajua wateja kwa vyombo vyao kwenye foleni, akawaita hivyo hata walipokutana kanisani: Debe la Mpini, Kiroba cha Kamba Nyekundu, Ndoo ya Bluu. Wengi wenu mmeingia hapa leo mkiwa na majina hayo, na najua hamyachukii. Mwaka 1969 mkanda wa mashine ulimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alijifunga kitambaa, akamaliza kusaga kiroba kilichokuwa mashineni, ndipo akaenda zahanati.

Tarehe 12 Februari 1972 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori. Jana wazee wa kanisa waliniita pembeni wakaniomba niiruke sehemu inayofuata. Nilimuuliza Baba, ambaye ameketi hapa benchi la kwanza, naye akanijibu, "Soma yote. Mama yako hakuwa mtu wa kuruka kitu." Basi nasoma. Baba alikuwa akimpiga. Alimpiga kwa mkono, kwa mkanda wa suruali, na mara moja kwa spana ya lori. Jumapili moja ya mwaka 1975, mchana, tulikuwa mezani na Mama alikuwa akiombea chakula. Baba aliona sala imerefuka, akampiga kwa birika la chuma kichwani kabla hajafika kwenye amina. Nilikuwa na miaka miwili. Kovu lake ndilo lililonifundisha habari hiyo.

Tangu siku hiyo Mama hakufumba tena macho katika sala. Aliomba kwa bidii, asubuhi kabla ya kuwasha mashine na mchana akila, ila macho yakiwa kodo, yakitazama mlango. Mzee mmoja wa kanisa alimwonya kwamba anawakwaza waumini. Mama alimjibu, "Mungu sijamsikia akilalamika. Nyie mmemsikia?" Na alichokuwa akiomba, kwa miaka kumi na moja, kilikuwa kimoja: Mungu amwondolee huyu mwanamume.

Jumamosi tarehe 17 Mei 1986, saa tano asubuhi, Baba aliendesha lori akiwa amelewa, akamgonga mtoto wa kike wa miaka minane pembeni ya barabara. Mtoto alikuwa anakuja kwetu kusagiwa, na alikuwa amebeba ndoo ya bluu. Alikuwa binti wa seremala anayetazamana na mashine yetu. Alifia palepale, mahindi yakiwa yametapakaa hadi kwenye mtaro. Baba hakusimama. Aliliacha lori kwenye kona, akaingia mbio kwetu, akajitupa nyuma ya magunia ya pumba akisema, "Nifiche, mama watoto."

Hazikupita dakika kumi, wanaume kama thelathini wakawa mlangoni. Walikuwa na mapanga na marungu. Mmoja alibeba tairi begani, mwingine galoni ya petroli, na kila mtu alijua tairi na petroli ni vya nini. Mama alizima mashine mahindi yakiwa bado ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa sababu mashine ikizimwa hivyo hukabwa na nafaka. Alisimama mlangoni, akashika miimo yote miwili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilimvuta gauni nikamwambia, "Mama, toka hapo. Waache wamchukue." Nilimaanisha, na sitaki mtu anifikirie vingine.

Aliomba kwa sauti ileile ya kushindana na mashine, ila mashine ilikuwa kimya, na mtaa mzima ulisikia. Aliwatazama.

"Bwana, nawaona. Namwona Kiroba cha Kamba Nyekundu ameshika panga, na mkewe kajifungua juzi. Namwona Debe la Mpini ana petroli, na jana alikuwa hapa akiyacheka mafua yangu. Namwona Ndoo ya Bluu. Mwanawe amelala barabarani, Bwana, na mimi sina la kumwambia. Wewe unajua nilichokuomba miaka yote hii. Kama hili ndilo jibu lako, siliwezi. Nipe jingine. Na kama ni wewe uliyewatuma, wapitishe juu yangu, ila mimi nitawatazama."

Mtu alipiga panga ukutani karibu na kichwa chake, chokaa ikamwagika. Mwingine alimpiga rungu kwenye kifundo cha mkono, mkono ukaachia mwimo, akaurudisha. Kisha seremala aliokota jiwe akalirusha. Lilimpata jicho la kushoto. Nilisikia sauti ya jiwe lile na bado ninaisikia. Mama alianguka kwa magoti, damu ikachanganyika na unga kifuani mwake. Nilidhani wataingia sasa. Alijiinua, akashika miimo tena, akaendelea pale alipoishia.

"Namwona Ndoo ya Bluu, Bwana. Mjalie alie."

Seremala aliketi chini katikati ya barabara, akalia kilio ambacho sijapata kukisikia kwa mwanamume mwingine. Debe la Mpini aliiweka galoni chini. Yule wa tairi aliliegemeza ukutani kwa uangalifu, kama mtu aliyelileta kuziba pancha. Hakuna aliyeomba msamaha. Walisimama tu, mpaka polisi walipokuja wakamtoa Baba nyuma ya pumba akiwa amejikojolea.

Jicho halikupona. Baba alifungwa miaka sita. Baada ya wiki tatu Mama alirudi kazini, na tulishinda siku mbili tukichokoa kwa bisibisi unga ulioganda ndani ya mashine. Ile ndoo aliiokota mwenyewe, akaiosha, akaipeleka kwa seremala. Hakufunguliwa mlango, akaiacha kizingitini. Mwezi wa Septemba ndoo ya bluu ilionekana tena kwenye foleni yetu. Mama alisaga nafaka iliyokuwemo, akaifunika.

Nilikuwa na hasira naye kwa muda mrefu. Siku moja nilimuuliza kama anaamini Mungu alimjibu. Alisema, "Niliomba aniondolee, akamwondoa miaka sita, akiwa mzima. Njia yenyewe sikuipenda. Jicho langu nilikuwa nalihitaji." Halafu akanituma nikalete kiroba kinachofuata.

Baba alipotoka gerezani mwaka 1992, alikuja na mfuko wake wa nguo. Mama alimpokea mlangoni, palepale. Alimwambia, "Nilimwomba Mungu ubaki hai. Sikumwomba urudi nyumbani." Alimpa chumba cha nyuma ya mashine, na huko ndiko amekaa hadi leo. Hakuinua mkono tena. Sijui kama ni toba au ni kuchoka, na leo si siku yangu ya kuamua.

Mwezi Januari 2022 iligundulika kuwa figo za Mama zimeshindwa kazi. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, akasema amehudumia mashine maisha yake yote, sasa mashine nayo imhudumie. Maumivu yalimkaba vibaya. Aliuma shuka hadi likatoboka. Aliomba hivyohivyo, jicho lake moja likiwa kwenye mlango wa wodi.

Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa tatu asubuhi, aliniuliza, "Nani yuko mlangoni?" Nikamwambia, "Nipo mimi, Mama." Akasema, "Haya." Alianza kuomba polepole, na katikati ya sala alifumba jicho. Muuguzi aliniambia amepitiwa na usingizi. Mimi nilijua. Miaka arobaini na tisa sikuwahi kumwona akiomba hivyo.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Ameacha Debe la Mpini na Kiroba cha Kamba Nyekundu, na Ndoo ya Bluu, aliyeketi benchi la tatu na aliyeniomba awe miongoni mwa wabeba jeneza. Nimemkubalia. Mchungaji atakapotuongoza katika sala, nawaombeni, leo tu, tusifumbe macho. Tutazamane.

Pumzika sasa, Mama. Fumba. Mlangoni tupo sisi.