Karani wa Vipande: Maisha ya Marehemu Eliudi Shemhilu, 1914–1959

Yamesomwa na mdogo wake, Asheri Shemhilu, katika maziko ya Jumamosi, tarehe 22 Agosti 1959, Muheza.

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemlaza leo alizaliwa Mlalo, katika milima ya Usambara, tarehe 9 Machi 1914. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Fanueli Shemhilu na Mama Dorkasi, akabatizwa Pasaka ya mwaka ule ule. Mama alizoea kusema kwamba Eliudi hakulia alipozaliwa mpaka mkunga alipomwambia alie, na tangu hapo hakugusa jambo bila kuuliza kwanza ni kazi ya nani.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1923 hadi 1931. Hesabu zilimwingia, kuimba hakukumwingia kabisa. Mwalimu alimpa usimamizi wa majembe, naye akaandika kwenye kila mpini jina la mtoto na tuta lake. Mwalimu alipougua homa siku tatu, watoto walilima bila kuitwa. Aliporudi na kukuta shamba limepaliliwa lote alikasirika, maana hapana aliyekuwa amemkumbuka.

Mwaka 1936 aliteremka Muheza, akapata kazi katika shamba moja la mkonge, akawa karani wa vipande. Kipande kila mtu hapa anakijua: kadi yenye jina la mtu, kazi yake, na vyumba thelathini. Kila siku ya kazi chumba kimoja hutiwa alama, na kipande kikijaa chote mtu amemaliza mkataba wake, yu huru kwenda kwao. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na mitatu.

Tarehe 4 Novemba 1939 alifunga ndoa na Lea, binti wa Mzee Manase wa Bumbuli. Mungu aliwajalia watoto watatu, Noa, Ruthi na Dorkasi.

Mwaka 1947 alikuja shambani fundi seremala kutoka Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, kutengeneza rafu za ofisi. Jina lake Uweso bin Miraji. Saa ya chakula alitoa kete za sataranji alizochonga kwa mkono wake, akamwambia marehemu, "Karani, kaa hapa. Leo tutajua nani ana akili na nani ana wino tu." Marehemu alifungwa mara kumi na nne mfululizo. Wakawa ndugu. Mmoja alikuwa wa kanisani na mwingine wa msikitini, wala dini haikuwagombanisha hata siku moja. Wakigombana, basi ni kwa ajili ya farasi.

Uweso aliporudi kwao waliendelea kucheza kwa barua zilizobebwa na basi, kila mmoja na ubao wake nyumbani. Tabu ilikuwa kuku na watoto: kete zikiangushwa, hapana aliyejua ipi ilisimama wapi. Hapo ndipo ufundi wa marehemu ulipoonekana. Mwaka 1951 alichukua vipande vilivyochapwa vibaya ofisini, akaipa kila kete kipande chake, na kila kipande kikajisemea chenyewe. "Mimi ni ngome. Naenda wima na ubavu mpaka nizuiwe." "Mimi ni ndovu. Naenda mshazari." Cha waziri kilikuwa na mstari mmoja tu: "Nimerithi kwa ngome na kwa ndovu, kasome huko." Askari wanane waliandikiwa maneno yale yale, lakini kila mmoja alikuwa na kipande chake, maana kila mmoja alisimama pake. Tena ilikuwa mwiko kete moja kuandikiwa jambo kwenye kipande cha mwenzake.

"Mnyapara hamfundishi mkataji kushika panga," alikuwa akisema. "Humwita jina, akamwambia kata. Mengine ni ya mkataji mwenyewe."

Mkewe, Mama Noa, hajui sataranji mpaka leo, lakini aliuendesha mchezo mzima. Barua ikifika alimwita kete aliyetajwa, akamwambia, "Hama," akasoma kipande chake, akamhamisha. Neno lilikuwa moja, na kila mmoja alihama kwa mwendo wake. Kule Bweni, ambako nakala za vipande zilipelekwa, Bi Mwatumu, mke wa Uweso, alifanya vivyo hivyo.

Ila kosa lilikuwemo, nalo ni kosa la karani wa vipande. Vile vyumba thelathini hakuvifuta. Kwa mazoea alitia alama kila kete alipohama, na farasi mmoja wa Uweso alipojaza, Mama Noa akamtoa ubaoni kwa kuwa amemaliza. Uweso aliandika kwa kicheko: "Karani, farasi wangu kaenda kwao! Na mfalme je, naye ana mkataba?" Wakakubaliana iwe hivyo. Mfalme akijaza thelathini, naye aende zake, mchezo uishe.

Aprili 1956 Uweso alishikwa na ugonjwa wa ini, akalala. Mfalme wake alikuwa na alama ishirini na tisa. Zamu ilikuwa ya marehemu, na hatua ya maana ilikuwa moja tu, kumwita shah, yaani kumtishia mfalme wa Uweso. Akimwita, mfalme hana budi kuhama, na chumba cha thelathini kijae. Marehemu aliiandika barua, akaitia bahasha, kisha akaishika. Hakutaka kuwa yeye wa kumpeleka mwenzake kwao, hata kwa karatasi. Alijiambia kwamba asipojibu, kipande hakitajaa, na mwenye kipande hataondoka. Msomi mzima, na ndivyo alivyoamini. Wiki kumi na moja zikapita. Uweso alifariki tarehe 2 Julai 1956.

Marehemu alikwenda matangani. Bi Mwatumu alimpokea, akamwambia mbele za watu, "Shemeji, mwenzio alikuwa akingoja. Kila basi likilia ng'ambo akinambia, 'Mwatumu, katizame, leo Karani kajibu.' Nikirudi mikono mitupu, akageukia ukutani. Ulikuwa na nini weye?"

Tangu siku ile nyumba yake haikuwa na raha. Ubao ulibaki mezani, watu wakala mkekani. Basi likipiga honi barabarani aliacha neno katikati, akaenda mlangoni kutazama. Mama Noa alikifunika kipande cha yule mfalme kwa sababu ya vumbi, na asubuhi akakikuta kimefunuliwa. Ilikuwa hivyo mara tatu, na mara zote marehemu aliapa kuwa si yeye. Akaacha kukigusa.

Kisha marehemu akaanza kuandika kipande kipya, cha Uweso mwenyewe, ili kule ng'ambo ya ubao pawe na mtu. Aliandika tabia zake: anavyoanza na farasi, anavyocheka akikosea. Alikaa nacho miezi. Mwishowe aliyafuta yote, akabakiza mstari mmoja: "Nikingojeshwa, nangoja." Mama Noa alipouona alilia, akamwambia avichome vyote moto.

"Sivyo, Mama Noa," alijibu. "Amesimama pale. Hajaambiwa neno, atahamaje?"

Februari 1959 alianza kuugua kifua. Alilazwa Tanga wiki tano, akarudi nyumbani bila nafuu. Tarehe 8 Agosti alimpa Mama Noa ile bahasha ya miaka mitatu, ikapelekwa Bweni. Toka hapo, basi likilia, aliuliza, "Leo?" Mama Noa alitoka, akarudi mikono mitupu. Siku kumi na mbili aliuliza hivyo. Alifariki Alhamisi, tarehe 20 Agosti 1959, saa tatu asubuhi.

Bi Mwatumu alifika jana. Ameomba yaliyobaki yasemwe hapa mbele ya jeneza, na Mama Noa ameridhia. Barua aliipata siku ya pili yake. Alimwita mfalme, akamhamisha, akatia alama ya thelathini, akaandika jibu siku hiyo hiyo. Kisha akalishika.

"Nlilishika kusudi," alisema. "Nlitaka aonje alivyoonja mume wangu. Nikasema wiki moja tu. Wiki ikapita, nikasema siku chache zaidi. Navuka pantoni nalo mkononi, nakutana na habari ya msiba."

Jibu lenyewe ni maneno matatu: "Kaenda kwao. Ahsante."

Ni desturi yetu kuuliza penye maziko kama yupo mwenye dai kwa marehemu. Jana swali hilo lilipoulizwa nyumbani, Bi Mwatumu alisimama. "Mie nlikuwa nalo," alisema. "Nimemsamehe. Lakini sasa mie ndiye nataka radhi, na wa kunipa ndiye huyo mliyemfunika." Mama Noa aliondoka alipokaa, akamshika mkono, akamketisha kwenye mkeka wa wafiwa, na ndipo alipo mpaka saa hii.

Marehemu ameacha mjane, Lea, watoto watatu, mjukuu mmoja, Fanueli, nami mdogo wake. Mwenyezi Mungu amjalie kaka yetu amani ambayo miaka mitatu hakuipata hapa, na atujalie sisi tuliobaki tusichelewe.