Zima Kwanza: Maisha ya Fundi Aliyesimamisha Msumeno

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano, tarehe 7 Februari 1951, katika chumba cha nyuma cha karakana ya useremala, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa baba seremala na mama mshonaji. Mkunga alisimulia kwamba kichanga kililia mara moja tu, kisha kikanyamaza kusikiliza randa ya baba yake ikipita ubaoni upande wa pili wa ukuta. Huenda mkunga alitia chumvi, lakini familia imeamua kumwamini.

Mkono wa kushoto wa baba yake ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikwenda na msumeno kabla marehemu hajazaliwa, na mtaani hakuna aliyeona ajabu. Siku hizo watu walisema fundi asiye na kovu bado ni mwanafunzi. Alipokuwa na miaka sita, marehemu alikaa juu ya rundo la vumbi la mbao, akavihesabu vidole vya baba yake, kisha akahesabu vyake.

"Baba, vingine viko wapi?"

"Hiyo ndiyo ada ya ufundi, mwanangu. Kila fundi huitoa."

"Mimi sitoi."

Mzee alicheka mpaka akaweka randa chini. Kila mteja aliyeingia alisimuliwa kisa hicho kama kichekesho. Hakujua kwamba mtoto alikuwa amekula kiapo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, kisha sekondari hadi 1969. Januari 1970 aliingia chuo cha ufundi, msichana peke yake kati ya wanafunzi thelathini na mmoja. Mwalimu wa karakana alimpokea kwa kumwuliza kama amepotea njia ya kwenda darasa la upishi. "Shikamoo, mwalimu," akajibu. "Njia sijapotea. Labda unionyeshe benchi langu."

Mwaka wa pili chuoni, ncha ya kilemba chake ilinaswa na drili ya kusimama. Kufumba na kufumbua, drili ilikuwa inakivuta kitambaa na kichwa kinafuata. Aliipiga swichi kwa kiganja ikazima. Kilemba kilichanika vipande, na nywele za utosini kiasi cha ngumi moja zilibaki zimejiviringa kwenye biti, ile ncha ya kutobolea.

"Umepona kwa bahati," mwalimu alimwambia.

Siku ile ile aliandika ndani ya jalada la daftari lake: *Bahati si kifaa cha kazi.* Tangu hapo nywele alizifunga kisogoni, mikono ya shati akaikunja juu ya viwiko, na glavu akazivua kila alipoikaribia drili, maana drili haitofautishi glavu na ngozi, ikishika imeshika. Alihitimu Novemba 1972 akiwa wa pili darasani. Wa kwanza, alipenda kutania, alikuwa na bahati.

Tarehe 2 Aprili 1973 aliajiriwa katika kiwanda cha madawati na milango, jengo refu la mabati lililopakana na ghala la saruji. Ndani mlikuwa na misumeno ya meza mitatu, randa ya umeme moja, drili nne, na kelele ya kumfanya mtu asahau jina lake. Hapo ndipo lilipozaliwa jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile la cheti. Mtu akimsogelea mwenzake aliye kwenye msumeno ili ampe habari za mpira au za harusi, sauti ya marehemu ilipasua kelele zote: "Zima kwanza! Maneno baadaye!" Haukupita mwaka, hata mlinzi wa getini akawa anamwita Dada Zima Kwanza. Miaka iliposogea, akawa Mama Zima Kwanza.

Mumewe alimpata juu ya ngazi, au tuseme chini yake. Fundi umeme huyo aliitwa kiwandani Machi 1976 kurekebisha nyaya za dari. Kabla hajafika kipago cha tatu, alisikia mtu akimwuliza kutoka chini:

"Umezima umeme?"

"Nimezima."

"Ufunguo wa sanduku la swichi uko wapi?"

"Nimeuacha palepale mlangoni mwake."

Marehemu alikwenda, akaufunga mlango wa sanduku, akauchomoa ufunguo, akarudi kusimama chini ya ngazi huku ameufumbata mpaka jamaa alipomaliza. Mume amewasimulia watoto mara nyingi: "Niliposhuka, nilimkuta mwanamke ameushika uhai wangu mkononi. Ningeenda wapi tena?"

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1977. Jumatatu yake, bibi harusi alirudi kazini, na kabla ya kutoka akaitundika pete kwenye msumari wa mlangoni. Mama mkwe alipoiona, nusura azirai. Akamwita mwanawe pembeni: "Mwanangu, leo siku ya tatu tu na mkeo keshavua pete! Mmegombana?"

Marehemu alimsikia. Akapiga goti, akasema, "Mama, pete ikinaswa na mashine inaondoka na kidole. Bora niiache nyumbani asubuhi, nirudi na kidole cha kuivalia." Bibi huyo alifikiri kidogo, akaenda kutafuta msumari imara zaidi. Mungu aliwajalia watoto watatu, na mkwe na mama mkwe waliishi kama chanda na pete, ingawa pete yenyewe ilishinda msumarini.

Lakini yaliyompa marehemu heshima ya kudumu yalianza Jumanne, tarehe 11 Septemba 1984.

Kiwandani alikuwa na rafiki aliyeitwa Msemaji kwa sababu hakuwahi kufunga mdomo. Miaka sita walikuwa wamesimama mashine jirani. Misumeno ya kiwanda ilikuwa imeletwa na vifuniko vya kukinga meno yake, lakini msimamizi aliving'oa vyote, akasema vinachelewesha kazi. Marehemu alilalamika mara tatu, akajibiwa kwamba wanawake waoga hukaa nyumbani. Saa nne asubuhi siku hiyo, ubao wenye fundo ulikwama kwenye msumeno wa Msemaji, ukaruka nyuma kwa kishindo, na mkono uliokuwa unausukuma ukaingia ulikokuwa ubao. Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikatika.

Marehemu ndiye aliyezima mashine. Ndiye aliyemfunga kwa kitambaa chake, akauinua ule mkono juu na kuushikilia hivyo njia nzima nyuma ya gari la mizigo mpaka hospitali. Msemaji, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, alisema sentensi moja tu: "Dada, usimwambie mama watoto mpaka nimekaa kitako."

Kesho yake saa moja asubuhi, marehemu aliukuta msumeno ule umeoshwa. Msimamizi akamwonyesha kwa kidole: "Leo unasimama hapa. Oda ni madawati arobaini."

"Hii mashine haina kinga. Siiwashi."

"Getini kuna watu mia wanaitafuta hiyo nafasi."

"Waite. Na uwaambie aliyekuwa nayo yuko wodi gani."

Alipoona msimamizi anainyooshea mkono swichi, marehemu alitembea mpaka ukutani, akaishusha swichi kuu. Jengo zima likanyamaza. Nyumbani alikuwa na watoto watatu, mdogo akiwa bado ananyonya. Alijua anaweza kurudi kwao bila kazi. Ila alijua pia kwamba akiiwasha mashine ile, hatakuwa na la kumwambia Msemaji.

Mchomeleaji alikuwa wa kwanza kuja kusimama kando yake. Kisha wakaja wa drili, kisha wa kupiga msasa. Mpaka mkurugenzi anashuka ngazi za ofisini, watu sitini na wawili walikuwa wamejipanga ukutani.

"Nani amezima?" mkurugenzi akauliza.

"Mimi, bosi. Shikamoo." Akachukua ubao, akauweka juu ya meza ya msumeno. "Mimi nitauwasha tena sasa hivi. Naomba tu huu ubao uupitishe wewe mwenyewe."

Mkurugenzi alikunja mkono wa shati. Akaushika ubao. Akayatazama yale meno, akaitazama mikono yake, akayatazama tena meno. Kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Unataka nini?" akasema polepole.

"Siku tatu na mchomeleaji. Baada ya hapo nipe mwezi mmoja. Madawati yakipungua, nifukuze mimi, si hawa."

Msimamizi alicheka kwa sauti. Mkurugenzi hakucheka. Akakubali.

Kwa siku tatu marehemu na mchomeleaji walikata mabati na kuunda vifuniko vipya vinavyojiinua ubao unapopita na kujishusha ukishapita. Nyuma ya kila msumeno walisimamisha kisu cha chuma cha kuuzuia ubao usibane meno ukaruka. Vipande vya mbao vilivyokuwa vitupwe alivichonga vijiti vya kusukumia, ili mkono wa mtu usiwe na sababu ya kukaribia. Akapaka mstari mwekundu sakafuni kuzunguka kila mashine: ndani ya mstari ni anayefanya kazi peke yake, awe na miwani, na domo lake alifunge. Kubadilisha biti au meno ya msumeno, sharti waya utoke ukutani kwanza, kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Wiki ya kwanza yalitoka madawati ishirini na tisa kwa siku badala ya arobaini. Msimamizi alianza kupiga mluzi kila akipita karibu naye. Wiki ya pili yalikuwa thelathini na sita. Marehemu hakulala vizuri, na alikonda mpaka mumewe akaogopa. Lakini mikono ilikuwa inazoea, na zaidi ya hapo, hofu ilikuwa inatoka. Mtu asiyehofia kidole chake husukuma ubao kwa utulivu, na ubao uliosukumwa kwa utulivu hauharibiki. Wiki ya tatu yakawa arobaini na moja. Siku ya mwisho ya mwezi, karani aliyahesabu madawati uani, akayahesabu tena: arobaini na sita.

Mkurugenzi alishuka mwenyewe kuyatazama. "Mama," akasema mbele ya watu wote, "umetushinda."

"Bado, bosi. Nimebakiza moja. Msemaji akitoka hospitali, kazi yake iwepo."

Ikawepo. Msemaji alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, akawa mkaguzi wa mashine zote asubuhi kabla hazijawashwa. Msimamizi alihamishiwa stoo ya gundi. Baada ya mwaka alikuja mwenyewe kumwomba marehemu radhi, na akasamehewa.

Tangu siku hiyo hadi marehemu anastaafu Alhamisi, tarehe 30 Juni 2011, hakuna mtu aliyepoteza kidole katika kiwanda kile. Siku ya kumuaga, wenzake walikataa hotuba. Mashine zilizimwa, wafanyakazi sabini na mmoja wakajipanga uani na kuinua mikono yote juu, vidole vimetanuliwa. Akaambiwa ahesabu. Alipita mstari mzima akihesabu kwa sauti, machozi yanamtoka, mpaka akamfikia Msemaji, aliyekuwa wa mwisho.

"Mia saba na sita," akasema.

"Ungezima mapema, vingekuwa mia saba na kumi," Msemaji akamjibu, na uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko na vigelegele.

Hakukaa nyumbani hata miezi miwili. Alifundisha chuo kile kile alichosomea, kwenye karakana ile ile, na kwa miaka kumi alitoa mafundi mia nne na kumi na wawili, wanawake mia moja na tisa kati yao. Hakuna msichana aliyeulizwa tena kama amepotea njia.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kudhoofika. Alitibiwa kwa uvumilivu, akiingia na kutoka hospitalini, bila kulalamika. Oktoba 2023 alilazwa kwa mara ya mwisho. Asubuhi moja fundi aliingia wodini kutoboa ukuta ili afunge rafu. Marehemu, ambaye siku mbili hakuwa ameongea, alifumbua macho.

"Fundi, miwani yako iko wapi?"

"Mama, ni tundu moja tu hili."

"Na jicho linapofuka, huingiwa na vibanzi vingapi?"

Fundi alishuka kwenye ngazi, akaenda, akarudi amevaa miwani. Wagonjwa wote waliokuwa macho walimpigia makofi, na daktari aliyekuwa mlangoni akapiga pia. Marehemu alitabasamu mpaka rafu ilipokamilika.

Alifariki kwa utulivu siku ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mumewe amemshika mkono mmoja na kitinda mimba wake mwingine.

Ameacha mume; watoto watatu, kifungua mimba ambaye ni muuguzi, mwanawe wa kiume ambaye ni mwalimu, na kitinda mimba ambaye ni seremala; wajukuu saba; mdogo wake wa kike; wakwe, mawifi na mashemeji; Msemaji na mchomeleaji, ambao familia inawahesabu kuwa kaka zake; na mafundi aliowafundisha, ambao leo wamejaa uwanja huu hadi barabarani na wameomba wapokezane kulibeba jeneza.

Jeneza hilo limetengenezwa na binti yake huyo seremala kwa mikono yake mwenyewe. Watu walimwambia afanye haraka, wakati umekwisha. Alichukua siku mbili nzima, na hakuna kiungo kilichopishana.

Nenda salama, Mama. Mungu akupe pumziko lenye amani.