Nani Atamtafuta Haroun

Kijiwe cha Xiaobei, mtaa wa Kichina uliojaa wafanyabiashara wa Kiafrika, hakina benchi la kueleweka. Kina ubao mrefu uliolazwa juu ya marobota matatu ya jinzi, nyuma ya jengo la maduka ya jumla, mlangoni kwa wakala wa mizigo ambaye amechoka kuwafukuza watu na sasa anawaazima kiti cha plastiki. Bimkubwa hufika hapo saa tisa alasiri na chupa yake ya kahawa ya tangawizi, macho mekundu, kwa sababu watoto wake watatu wako Zanzibar na saa yao ya kusimamiwa masomo kwa simu ndiyo saa yake ya kulala. Ijumaa hiyo aliwakuta wateja wamemtangulia: mumewe Haroun, ambaye kijiweni anaitwa Kontena, Abass wa Kariakoo, fundi simu, maarufu kama Injinia, na Rotich wa Eldoret, ambaye kila jina la utani alilopewa amelikataa. Kila mmoja alikuwa amening'iniza kifuani kidude cha rangi ya chungwa chenye taa ya kijani inayomwekamweka.

Kesho yake alfajiri walikuwa wanapanda ndege kwenda Sichuan, kuteleza kwenye theluji milimani pamoja na laoban Luo, bosi wa kiwanda kinachoshona makoti ambayo Haroun huyapeleka Moshi kwa wanaokodishia wapanda mlima. Na si kule kwenye lifti na tiketi. Ni mlima mtupu: unabandika zulia jembamba la manyoya chini ya skii, zile mbao za kutelezea, linakukamata usirudi nyuma, unapanda kwa miguu yako saa sita nzima, unalibandua, unashuka. Bimkubwa alikuwa ameshafunga pea nne za soksi za sufu kwenye begi la mumewe. Kilichobaki ni yeye kusema ndiyo, na alikuwa hajasema.

— Mama Mwatima, leo zidisha tangawizi, alisema Haroun. Tunauaga mji.

— Mnakwenda siku tatu, hamwendi hija.

— Shemeji, ondoa wasiwasi, alisema Abass. Tumeteleza mara kumi na moja kwenye ule ukumbi wa ndani. Kumi na moja! Mimi nimeanguka mara mbili tu.

— Mbili kwa kila dakika, alisema Rotich.

— Ule ukumbi una paa, alisema Bimkubwa akimimina. Na theluji yake inatoka kwenye mashine.

— Ndiyo maana ni ngumu zaidi! alisema Haroun. Theluji ya mashine haina huruma. Hii ya mlimani imeanguka yenyewe, kwa hiari yake. Tena huu mwezi wa nne, iko pale tangu Desemba. Imezeeka, imechoka. Itamfanya nini mtu?

— Mimi pia nimechoka tangu Desemba. Nichezee uone.

Wakala wa mizigo alicheka kutoka ndani, akanyoosha mkono dirishani kupokea kikombe chake.

— Hamuielewi theluji, nyinyi watu wa pwani, alisema Rotich. Hiyo kitu ni kama ugali. Asubuhi imeshikana, unasimama juu yake bila shida. Jua likipiga, mchana inakuwa uji. Kwa hivyo tunaanza kupanda saa kumi alfajiri, saa tano tuko chini tunakula tambi. Na kupanda niachieni mimi. Nimezaliwa juu. Mapafu yangu ni saizi ya gunia.

— Na hawa wawili?

— Nitawavuta.

— Na huo uji ukiporomoka na nyinyi?

Abass aliweka kikombe chini kama mtu anayetaka kutumia mikono yote miwili.

— Shemeji, theluji ni maji. Ikija, unaogelea. Nimepiga hesabu. Nimepakia chupa tupu nane, nitazifunga kiunoni chini ya koti. Boya kamili.

— Injinia, wewe hata bwawani huogelei.

— Bwawani hakuna mteremko. Mteremko unasaidia.

— Mimi hata chupa sihitaji, alisema Haroun. Mmesahau yale ya sokoni Shahe? Marobota kumi na manne yaliniangukia stoo. Kumi na manne! Jinzi ni nzito kuliko theluji mara tano. Nikatoka bila mkwaruzo.

— Ulitolewa, alisema Bimkubwa. Na wapagazi sita.

— Kutoka ni kutoka.

— Walijuaje kama upo pale chini?

Haroun alipuliza kahawa yake ambayo ilikuwa imeshapoa.

— Kiatu kilikuwa nje.

— Sasa hapo ndipo tulipowazidi wapagazi! Abass aligonga kidude chake kwa kucha. Hivi katuazima Luo. Vinaita. Ukifukiwa, chenyewe kinaendelea kuita humo humo chini. Nimekifungua, nimekifunga, ndani ni redio safi. Nimetia betri mpya. Hiki kinaita mpaka Chengdu. Helikopta itasikia. Satelaiti itasikia.

— Mama yangu Eldoret atasikia, alisema Rotich, na safari hii hakuwa anatania sana.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pembeni ya marobota muda mrefu, begi la magurudumu mkononi. Alijitaja kuwa Wangeci, wa Nairobi, ana siku ya tatu mjini, ametoka Shahe kutafuta sketi na miguu imevimba. Aliuliza kama kahawa ipo. Bimkubwa aliinamisha chupa, ikatoa nusu kikombe na matone, ikaisha. Wangeci akainywa wima.

— Hivyo vidude vyote vitatu vinaita? aliuliza.

— Vyote, dada yangu, alisema Abass. Usiku na mchana.

— Sawa. Sasa nani anatafuta?

— Luo, alisema Rotich.

— Na akifukiwa Luo?

Ndani kwa wakala utepe wa gundi ulikuwa unavutwa, kraa, kraa, juu ya maboksi. Abass alikigeuza kidude chake, akakigeuza tena.

— Lazima kuna kitufe cha kutafutia, alisema.

Bimkubwa alisimama. Alikitoa kidude cha Haroun shingoni kwake kama anavyomvua mtoto sare ya shule.

— Huyu ndiye Haroun, aliwaambia. Injinia, Rotich, geukeni ukutani.

Waligeuka. Haroun peke yake alimwona akikisukuma mpaka katikati ya robota la tatu, mkono wote ukazama hadi begani.

— Nina vikombe vitano vya kuosha. Mkimpata kabla sijamaliza, begi liko tayari, nendeni. Luo hayupo. Luo naye amefukiwa.

Aliosha cha wakala. Abass alibonyeza huku na huku mpaka kidude kikabadilisha mlio, mshale ukatokea, akaufuata mbiombio ukampeleka moja kwa moja kifuani kwa Rotich.

— Nimempata!

— Huyo ni mimi, wewe!

Aliosha cha Abass na cha Rotich. Rotich alikuwa amekitupa chake chini na kuanza kulipasua robota la kwanza kwa mikono, yale mapafu ya gunia yakihema. Kile kilichotupwa kikaendelea kuita, na Abass akarudi kukizunguka kama kuku. Aliosha cha Wangeci.

Cha tano kilikuwa cha Haroun. Alikisugua nje, akakisugua ndani, akatia maji mapya, akakisugua tena mahali palipokuwa pasafi. Rotich alihamia robota la pili. Haroun alitazama la tatu, akamtazama mkewe, akafungua mdomo.

— Nyamaza, Baba Mwatima, alisema Bimkubwa. Umefukiwa.

Akakikung'uta kikombe, akakifudikiza juu ya sinia pamoja na vile vinne.